Kuku Waliochinjiwa Wakaguzi

Jirani zangu wa Matisi, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye bomba la maji, na Baba Njeri wa duka ameniuliza huku akipima sukari: Wanjala, safari ya Bungoma ilikuwaje? Nimenyamaza. Mnanijua. Maneno yangu hutoka polepole, na nikiwa na hasira hayatoki kabisa. Kwa hivyo nimeandika. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, mnivumilie. Mkimaliza kusoma msiniulize tena.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini. Kuna shirika linalowapa akina mama wa vijijini kitu kidogo ili wawatembelee wazee wasio na watu. Wanawaogesha, wanawapikia, wanawachotea maji. Shirika lilitaka kujua kama kazi hiyo inasaidia na ni wapi bado inahitajika. Likamtuma Bwana Njoroge azunguke akiwauliza wazee wenyewe. Bwana Njoroge ni mtu wa huku kwetu, baba yake alinunua shamba nje ya Kitale zamani, lakini Kibukusu hajui hata cha kuombea maji. Pasta akanitaja mimi niwe mkalimani.

Nilikubali kwa sababu moja tu. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama ya mama yangu, anaishi peke yake karibu na Lwakhakha na macho yake yamekwisha. Mama alishafariki, mjomba yuko upande wa Uganda na hatumwoni. Nilijaribu kumleta Kukhu hapa Matisi akakataa, akasema hatoki palipo na kaburi la mumewe. Anayemshika mkono kila asubuhi ni mama mmoja anayeitwa Nasimiyu, na Nasimiyu ni mhudumu wa shirika hilo. Wakiamua kwamba Nasimiyu hahitajiki, Kukhu hana mtu. Hiyo ndiyo safari niliyokwenda. Mengine yote ni barabara.

Kitale hadi Ndalu

Tuliondoka Kitale asubuhi na pikapu ya shirika, Bwana Njoroge akiendesha. Tulipofika Kiminini tukasimama kumngoja mtu anayeitwa Wekesa, mwenyekiti wa kamati ya wazee. Tukangoja sana. Alikuwa kwa fundi viatu, na viatu havikuwa na shida yoyote, alitaka ving'ae tu. Akaja na tai nyekundu na mfuko mkubwa wa nailoni, akaketi mbele. Mimi nikahamia nyuma na mtungi wa dizeli.

"Nimetuma habari kote," akasema kupitia dirisha la nyuma. "Kila nyumba iko tayari."

"Tayari kwa nini?" nikauliza.

"Kwa wakaguzi, bana! Kwani ulisoma wapi wewe? Mkaguzi akija shule, si mwalimu mkuu anapaka ukuta chokaa?"

Bwana Njoroge akacheka. "Mwenyekiti, mimi si mkaguzi. Nimekuja kusikiliza tu."

"Ndiyo hivyo hivyo, mkubwa," akasema Wekesa, akalainisha tai yake.

Ndalu tulipelekwa kwa Mzee Kundu, mzee mrefu ambaye miguu yake imevimba hawezi kufika barabarani. Nyumba yake ilikuwa imepakwa samadi mbichi. Viti vilifunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vyenye tausi. Mzee mwenyewe alivaa koti la mtu mwingine, mikono ilimfika kwenye vidole. Na mezani palikuwa na kuku mzima na ugali wa wimbi.

Bwana Njoroge akanawa, akapewa firigisi kwa sababu ndiye mgeni mkuu. Akaanza kuuliza huku akitafuna.

"Muulize kama mwezi huu amepata chakula cha kutosha."

Nikauliza. Mzee Kundu akanyoosha mkono juu ya meza. "Chakula kiko tele. Mwambie ale, asione haya."

"Muulize nyama anakula mara ngapi kwa wiki."

Mzee akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi. "Si anaona mwenyewe?"

Bwana Njoroge akacheka sana, akaandika. Mimi nilikaa karibu na dirisha, na kutoka pale niliona jikoni kwa mzee. Mafiga yalikuwa baridi, hata majivu yalikuwa ya zamani. Moshi ulitoka kwa jirani. Tulipotoka, mama wa nyumba hiyo ya jirani akamvuta mwenyekiti kando.

"Na kuku yangu, mwenyekiti?"

"Mama, hii ni maendeleo."

"Maendeleo yanataga?"

Wekesa akajifanya hajasikia. Mimi nilisikia.

Ndalu hadi Kimilili

Mvua ilinyesha, na mnajua udongo wa kule. Mbele yetu lori la mahindi lilikuwa limeteleza na kulala mbavu barabarani, na hakuna aliyepita. Utingo wa lori alikuwa ameketi juu ya magunia akila ndizi, anatusalimia kama chifu. "Karibuni nyumbani," akasema. "Leo hapa ndio kwetu."

Tukakaa mpaka jua likageuka. Nikasema moyoni, Wanjala, sasa ndio wakati. Nikamwendea Bwana Njoroge aliyekuwa amesimama kwa mama mmoja anayechoma mahindi.

"Bwana Njoroge. Yule mzee wa asubuhi..."

"Ndiyo, kijana?"

"Ile kuku..."

"Ilikuwa tamu!" akasema Wekesa nyuma yangu, na maneno yangu yakarudi tumboni.

Yule mama wa mahindi alikuwa na masikio. Akataka kujua tunauza nini. Bwana Njoroge, ambaye si mtu mwenye majivuno, akamweleza kazi yetu yote.

"Ati mnaingia nyumba ya mzee, mnakaa, mnamuuliza kama ana njaa?" akasema. "Na yeye aseme ndiyo? Mbele ya wageni? Hata mimi ukinijia nyumbani nikiwa sijala tangu juzi, nitakwambia nimeshiba mpaka naumwa."

"Kwa nini sasa?" akauliza Bwana Njoroge.

"Si wewe ni mgeni?"

Bwana Njoroge akacheka tena, akanunulia kila mtu hindi. Hiyo ndiyo ilinikasirisha kuliko matope. Ameambiwa, kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mkalimani, na amecheka. Si mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Kimilili hadi Lwakhakha

Kutoka Kimilili tukapitia Chwele na Sirisia, nyumba baada ya nyumba. Kila tukikaribia boma, Wekesa alimwomba Bwana Njoroge asimamishe gari. "Acha nitangulie nipige hodi," alisema, akashuka na mfuko wake wa nailoni. Tulipoingia tulikuta viti vimefunikwa vitambaa vyeupe.

Nyumba ya tatu ndipo nilipowatambua wale tausi. Mmoja wao alikuwa na doa la mchuzi shingoni, na mchuzi huo ulimwagika Ndalu mbele ya macho yangu. Tausi walikuwa wakisafiri na sisi.

Kila nyumba kuku, kila nyumba ugali wa wimbi, kila nyumba "hatuna shida." Bibi mmoja mkono wake ulitetemeka hata bakuli la kunawia likamwagika, akasema mikono yake ni mizima, ni bakuli ndilo bovu. Mimi nilitafsiri. Ndiyo kazi niliyopewa, kupeleka maneno kama yalivyo. Lakini maneno yalikuwa ya adabu na mtu anayaandika kama habari.

Baada ya Sirisia nilimuuliza Wekesa waziwazi kwa nini anafanya hivyo. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Kijana, wewe hujui wafadhili. Wakikuta uchafu watasema pesa yao imeliwa. Wakikuta usafi watasema kamati inafanya kazi, watuongeze. Mimi nawatafutia hawa wazee, wewe unaniona mwizi?"

Naye aliamini hivyo, na hapo ndipo ubaya ulipo. Shirika linatafuta penye shida ili libaki, na mwenyekiti anaficha shida ili shirika libaki.

Kwa Kukhu

Lwakhakha tulianza na wazee wengine watatu wa Nasimiyu, nao wakasema hawana shida. Kwa Kukhu, Nasimiyu alitupokea mlangoni, mikono yake imejaa samadi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ametumwa asiribe ukuta tangu alfajiri badala ya kwenda kwa wazee wake. Akanisalimia kwa kichwa.

Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani. "Nani huyo anatembea kama anaiba?" akauliza.

"Ni mimi, Kukhu."

"Wanjala! Bwana yangu amerudi!" Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana hivyo. Akanishika uso wote kwa vidole. "Umekonda. Huko Kitale wanakupikia au wanakuonyesha sufuria? Na hujaniletea hata sukari, bwana gani wewe?"

Nilikuwa nimeleta. Nilikuwa karibu kumwambia, ndipo Wekesa akapiga hodi na kuingia, na Kukhu akabadilika. Akavuta kitambaa cha kichwa kikafunika uso, akageuka na kigoda chake mpaka akatazama ukuta.

Wekesa amemwoa binti wa shemeji yake Kukhu. Kwa hivyo ni mkwe wake. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai hivyo chumba kimoja, hawali pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa mmoja akiwepo. Wekesa anajua. Lakini alikuwa mwenyekiti siku hiyo, na mwenyekiti hukaa na wakaguzi. Akaketi, akavuta sahani.

"Muulize kama anapika mwenyewe," akasema Bwana Njoroge.

"Napika," Kukhu akauambia ukuta.

"Maji?"

"Nachota."

"Kuoga je?"

Kukhu akajikunja pale kwenye kigoda akawa mdogo. "Mwambie sina shida yoyote."

Nikatafsiri. Bwana Njoroge akaandika, akageuza ukurasa. "Sasa muulize kama anaweza kwenda chooni bila kushikwa."

Sikuweza. Nilimwangalia Wekesa akinyonya mfupa. Nilimwangalia Nasimiyu mlangoni, na samadi inayokauka mikononi. Nikamgeukia Wekesa.

"Mwenyekiti, toka nje."

"Nini?"

"Toka nje tafadhali. Wewe ni mkwe wake. Unamfanya aongee na ukuta."

"Ati mtoto wa darasa la nane ananifukuza mimi? Kwa kamati yangu?"

Bwana Njoroge akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikikwama kila neno la pili. Safari hii hakucheka. Akaweka chini mfupa aliokuwa ameshika.

"Hata kwetu mkwe ana heshima yake," akasema polepole. "Mwenyekiti, tuache kidogo."

Wekesa akatoka. Sahani yake alitoka nayo.

Kukhu akasikiliza nyayo mpaka zikafika mbali, kisha akafunua uso. "Ameenda? Haya, leo bwana yangu amekuwa mwanamume. Mwambie huyo mgeni wako aandike vizuri. Sipiki. Nikipika naungua." Akaonyesha kiganja, kovu jipya lilipita katikati. "Maji sichoti, nitachota na nini, pua? Chooni nafuata kamba."

"Kamba gani?" akauliza Bwana Njoroge nilipomtafsiria.

Nasimiyu akamwonyesha. Alikuwa amefunga kamba ya katani kutoka mwimo wa mlango hadi choo, imeshikiliwa na miti njiani. Bwana Njoroge akaishika, akaifuata mpaka mwisho, akarudi. Viatu vyake vilikuwa na tope na uso wake haukuwa ule wa asubuhi.

"Muulize, siku Nasimiyu asipokuja na kamba imekatwa na ng'ombe?"

"Basi siendi," akasema Kukhu. "Nakaa na haja yangu."

"Na hii kuku?"

"Ndiye pekee aliyekuwa anataga. Ni mtamu?"

Bwana Njoroge akaisukuma sahani yake mbali. Aliandika kwa muda mrefu, na mimi nikadhani tumemaliza.

Lwakhakha hadi Bungoma

Sitawaeleza barabara ya Bungoma kwa sababu hakuna aliyesema neno njiani. Wekesa alitazama dirisha lake na mimi nikatazama vumbi.

Ofisini Bungoma tulimkuta mkubwa wa Bwana Njoroge, mama mmoja wa makamo kutoka makao makuu, watu wote wakimwita Madamu. Chai ililetwa na mandazi. Akasoma karatasi zote, akatabasamu.

"Kazi nzuri. Wazee wanajiweza. Ndalu, Kimilili, Sirisia, hakuna shida. Basi wahudumu tuwapeleke penye shida zaidi."

"Lwakhakha kuna yule bibi," akasema Bwana Njoroge.

"Nimeona. Inasikitisha. Lakini kanuni unaijua, mhudumu hawekwi kwa wazee wasiofika wanne. Nasimiyu ana wazee wanne, na wengine watatu umeandika wewe mwenyewe kwamba hawamhitaji."

"Madamu, nafikiri hawakusema kweli."

"Umeandika wewe, Njoroge. Mwandiko ni wako. Nisome nini sasa, mawazo yako?"

Hapo nikasimama. Sijui nani aliyenisimamisha. Nilisema, "Mlikula."

"Samahani, kijana?"

"Mlikula kuku zao, mkaandika wameshiba."

Wekesa akaniambia niketi, nina wazimu. Madamu akaweka kikombe chini na kunitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Kesho naondoka na ripoti," akasema. "Mkiwapata wale watatu wa Nasimiyu kabla sijaondoka, na wakisema kitu kingine, nitabadilisha. Gari linakwenda Kisumu, mtajua wenyewe mtakavyofika."

"Na Ndalu?" nikauliza. "Na Sirisia?"

"Ndalu ni mbali."

Haya ndiyo mliyotaka kujua, kwa nini sisalimiani na watu vizuri tangu nirudi. Ndalu ni mbali! Kutoka hapa Matisi mtu anakwenda Ndalu sokoni na kurudi kabla chakula hakijapoa. Mhudumu wa kule ameachishwa. Na nimepata habari kwa mtu wa kule kwamba Mzee Kundu humwuliza kila anayepita kama wakaguzi waliridhika na majibu yake.

Lwakhakha tena

Tulirudi mimi na Bwana Njoroge. Tulipanda gari la kubeba ng'ombe mpaka lilipoishia, kisha bodaboda za baiskeli, na pale penye mlima tukashuka tukazisukuma pamoja na wenyewe. Bwana Njoroge alianguka mtaroni mara moja. Sikumcheka, ingawa nilitaka.

Mzee wa kwanza alitutukana tulipofika, akasema alikuwa akingoja mtu amuulize bila yule mwenye tai, kisha akasema yote. Bibi wa pili alituonyesha vidonda vya mgongoni mwake na hakusema mengi. Akabaki mmoja, Kukhu Nelima, jirani wa nyanya yangu ng'ambo ya kijito. Akisema hamhitaji Nasimiyu, wazee hawafiki wanne na Nasimiyu anaondoka.

Tulipoingia bomani kwake alikuwa tayari ameshamkamata kuku. Amemfunga miguu kwa kipande cha nguo na kisu kiko kwenye jiwe. Ni mwanamke mdogo aliyepinda mgongo hata anatazama magoti yake.

"Karibuni, wageni. Kaeni pale. Kwangu mgeni hakai na njaa."

"Kukhu," nikasema, "tumekuja kuuliza tena kuhusu Nasimiyu."

"Mwanangu, nilishajibu. Sina shida. Naishi vizuri." Akachukua kisu.

Nasimiyu alikuwa amesimama nje ya ua. Hakuruhusiwa kumsemea mtu. Niliona ameuma mdomo wa chini.

Bwana Njoroge akanitazama, safari hii akiningoja mimi. Nikachuchumaa nikamshika yule kuku, mikono yangu juu ya mikono yake.

"Kukhu, hapa hakuna mgeni. Mimi ni mjukuu wa jirani yako. Tangu lini jirani anachinjiwa?"

"Na huyu?"

"Huyu? Mtazame viatu. Mgeni gani anakuja kwa baiskeli na tope mpaka magotini? Mgeni angekuja na gari."

Kukhu Nelima akainua shingo kwa shida akamtazama Bwana Njoroge, kutoka kwa viatu kwenda juu. Bwana Njoroge, ambaye tangu Kitale alikuwa amejifunza neno moja tu la kwetu, la salamu, akasema, "Mulembe, Kukhu." Alilitamka vibaya sana.

Yule bibi akacheka hata akakohoa. Akanitazama tena muda mrefu, na niliogopa. Kisha akafungua ile nguo. Kuku akakimbia kuelekea kwenye migomba akilalamika.

"Jirani haketi sebuleni," akasema. "Piteni nyuma."

Tukazunguka tukaingia jikoni kwake tukiwa tumeinama. Kigoda kilikuwa kimoja, hatukukalia. Tuliketi chini kwenye udongo, Bwana Njoroge amekunja miguu yake mirefu mpaka magoti yakamfika kidevuni. Kukhu Nelima akafunua chungu. Ndani mlikuwa na kunde za juzi, zimekauka pembeni, hazina chumvi wala mafuta. Hakuna kingine jikoni mle, nilitazama. Akachota kwa mkono unaotetemeka, akatugawia sisi wote kwenye mfuniko mmoja, na sehemu yake akaiweka kando ya yetu.

Tukala. Bwana Njoroge alikula zote, na kalamu aliiacha mfukoni.

Kukhu Nelima akapangusa vidole kwenye kanga, akajisogeza karibu nasi.

"Haya," akasema. "Sasa niulizeni."